Malindi, Mji wa Marubani

Mtu asafiriye kutoka Mombasa kwenda Malindi siku hizi hupita barabara ya lami ya kilomita 120 hivi, naye huvuka hori la Mtwapa na lile la Kilifi juu ya madaraja, pasipo hata kushuka garini. Zamani safari hiyo haikuwa nyepesi. Pale Mtwapa palikuwa na pantoni iliyovutwa kwa mnyororo, na wavutaji wake waliimba na kukanyaga kwa mwendo mmoja mpaka ng'ambo. Alipofika Kilifi msafiri aliingoja pantoni nyingine. Daraja la Kilifi halikufunguliwa mpaka mwaka 1991. Akijua hayo, msomaji atafahamu kwa nini mji mdogo kama Malindi ulipata kuipenda ndege mapema.

Na jambo la marubani si geni huko. Kabla neno rubani halijawa la ndege, lilikuwa la chombo cha bahari. Mwezi wa Aprili 1498 Mreno Vasco da Gama alitia nanga Malindi, akaomba kwa mfalme wa mji mtu wa kumwonyesha njia ya Bara Hindi. Alipewa rubani ajuaye pepo na nyota, na kwa muda wa siku 23 hivi wakavuka bahari hata Calicut. Mnara wa Mreno huyo ungali pale ufukweni, lakini rubani aliyemfikisha hana mnara.

Katika miaka ya 1930 Wazungu waliokuwa na mashamba na kazi huko bara walianza kushuka Malindi kupumzika. Commander Lawford, aliyekuwa afisa wa manowari za Kiingereza, alifungua hoteli kando ya bahari, ikaitwa Lawford's kwa jina lake. Palm Beach nayo ilikuwa miongoni mwa hoteli za zama hizo. Mwaka 1934 mwandishi wa Kimarekani, Ernest Hemingway, alipokwisha kuwinda bara alikuja pwani hii kuvua samaki wakubwa, na sifa ya bahari ya Malindi ikaenea mbali.

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Kweli wenyeji walipona kwa namna yao. Mvuvi alipata mnunuzi wa kolekole na kamba wake. Wenye kuku waliuza mayai. Vijana wa Kigiriama na Waswahili walipata kazi ya upishi, ya udobi na ya mashua. Lakini ni haki kusema pia kwamba katika siku hizo za ubaguzi Mwafrika aliijua hoteli kwa mlango wa jikoni. Aliweza kutandika kitanda miaka ishirini asipate ruhusa ya kukilalia usiku mmoja kwa fedha yake.

Habari za ndege zilianza wakati uo huo. Mwaka 1929 Bibi Florence Kerr Wilson alianzisha mjini Nairobi kampuni ya Wilson Airways, pamoja na rubani Tom Campbell Black. Miongoni mwa ndege za kwanza ilikuwamo Gipsy Moth, ndege ndogo ya mbao na kitambaa, yenye nafasi ya watu wawili, nao hukaa wazi upeponi. Mwendo wake ulikuwa kama kilomita 135 kwa saa. Kutoka Nairobi hata Malindi kwa njia ya angani ni kilomita 400 na kidogo, hivyo ni safari ya saa tatu na zaidi; na kwa njia ya chini mtu alilala garimoshini usiku kucha hata Mombasa, kisha akaanza taabu ya pantoni. Kampuni ile ilichukua abiria na barua hata Mombasa, Tanga, Zanzibar na Dar es Salaam. Vita ilipoanza mwaka 1939 ndege zake zilichukuliwa na Serikali, lakini uwanja wa Wilson ulioko Nairobi ungali na jina la bibi huyo.

Ndege haikuleta raha tu. Bwana Denys Finch Hatton, Mwingereza mwindaji, alikuwa na nyumba ndogo Takaungu, karibu na Kilifi, naye aliiendea kwa Gipsy Moth yake. Mwezi wa Mei 1931 alikuja pwani, kisha akageukia Voi ili atazame ndovu kutoka juu. Tarehe 14 aliruka kutoka Voi, na kitambo kidogo ndege ikaanguka na kuwaka moto. Alikufa yeye pamoja na mtumishi wake Mkikuyu, Kamau. Vitabu vingi vimemlilia bwana. Inafaa jina la Kamau nalo likumbukwe, kwa maana walipanda pamoja na kufa pamoja.

Miaka tisa baadaye watu wa Malindi waliona ndege za namna nyingine. Mwezi wa Oktoba 1940 ndege za Italia ziliudondoshea mji huu mabomu. Ajabu ya dunia ni kwamba Waitalia walirudi baadaye kwa amani, tena kwa kazi ya juu zaidi. Katika miaka ya 1960 Profesa Luigi Broglio alichagua bahari ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi, akasimamisha majukwaa ya chuma ya kurushia roketi. Sababu yake ni kwamba dunia ijizungushapo, mahali palipo karibu na Ikweta huenda kasi kuliko penginepo, kama kilomita 1,670 kwa saa, na roketi irukayo hapo huanza safari yake na nguvu hiyo bila gharama. Tarehe 26 Aprili 1967 setilaiti ya San Marco ilirushwa kutoka hapo. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya kujitawala, ilirushwa setilaiti ya Kimarekani ya kuchunguza nyota, ikapewa jina la Uhuru. Roketi kubwa ya mwisho iliruka mwaka 1988.

Waitalia wengi wakaupenda mji, wakajenga na kufungua hoteli. Lakini riziki itokayo kwa mgeni huondoka naye. Baada ya mwaka 2013, wageni walipopungua kwa hofu ya mashambulio ya magaidi, hoteli kadhaa zilifungwa na watumishi wakarudi mashambani mikono mitupu. Uwanja wa ndege wa Malindi nao una njia ya mita 1,400 hivi, isiyotosha ndege kubwa za Ulaya. Hizo hutua Mombasa.

Tarehe 15 Aprili 2023 Kenya ilipeleka angani setilaiti yake iitwayo Taifa-1, iliyoshughulikiwa na wahandisi Wakenya. Lakini iliruka kutoka California, Marekani, si kutoka Ngomeni. Hapo pana jambo la kufikiriwa na wazazi wa pwani. Kubeba mizigo ya wageni ni kazi ya halali, wala asiwepo wa kuidharau. Lakini mtoto aliyezaliwa karibu na majukwaa yale, naye hakufundishwa hesabu wala elimu ya mitambo, ataendelea kutazama vyombo vya wengine vikipita juu ya paa la baba yake. Mwaka 1498 mgeni alikuja Malindi akiomba mtu ajuaye njia, na mji ulikuwa naye. Mji wenye asili hiyo hauna budi kusomesha marubani wake tena.