Kiti cha Kuegemea

Katika miaka yangu ya kuchomelea mageti na kutengeneza baiskeli pale Gerezani, Dar es Salaam, kazi niliyoipenda kuliko zote haikunilipa sana. Mwalimu mmoja mstaafu alisumbuliwa na kiuno. Siti ya kawaida ilikuwa imemshinda, na kuacha baiskeli hakutaka. “Fundi,” akaniambia, “niundie ya kuendesha huku nimeegemea.”

“Inawezekana, mzee,” nikamjibu.

Baiskeli za namna hiyo ni za siku nyingi. Mwaka 1933, jijini Paris, Francis Faure alivunja rekodi ya mwendo wa saa moja akiendesha iliyoundwa na Charles Mochet, akapita kilomita 45. Mwaka uliofuata chama cha kimataifa cha mbio za baiskeli kikazizuia mashindanoni.

Fremu haikunisumbua. Kiti ndicho kilichonifikirisha. Kwenye baiskeli ya kawaida, mlima ukikaza unasimama juu ya pedeli, uzito wa mwili ukakusaidia. Ukiegemea, msaada huo haupo: mguu unasukuma mbele, mgongo unakandamiza kiti nyuma. Kiti kikilegea, nguvu inapotelea humo. Ndiyo maana nilimpima mzee kwanza, kuanzia makalio hadi mabegani, na pale kiuno kinapobonyea, kabla sijashika msumeno.

Bomba nililipata kwenye viti vya shule vilivyouzwa kama chuma chakavu. Bomba la maji sikulitaka. Lina zinki, na moshi wake wakati wa kuchomelea unaleta homa. Ili bomba la viti lisibonyee kwenye kona nililijaza mchanga, nikaziba ncha kwa vigingi, nikalipasha moto na kulikunja. Mchanga sharti uwe mkavu kabisa, kwani penye unyevu mvuke hukirusha kigingi kwa nguvu ya kuumiza mtu.

Mabegani na mapajani nilisuka kwa tyubu kuukuu zilizokatwa mikanda, zipunguze mitikisiko ya barabara. Kiunoni tyubu haifai, inavutika. Hapo nilifunga mikanda ya usalama kutoka magari mabovu, nikaikaza hadi ikalia nilipoigonga kwa kidole. Katikati ya mikanda niliacha nafasi hewa ipite, maana kwa joto la Dar mgongo uliogandamana na turubai hauvumiliki. Mbele nilikiinua kiti kidogo, makalio yasiteleze.

Mzee aliiendesha kila siku hadi aliporudi kwao Lindi, akaondoka nayo.