Mnyonyo na Hesabu za Maprofesa

Wadau, siku hizi wanasayansi wanapimwa kwa namba. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch alileta kipimo kiitwacho h: ukiwa na makala 20 ambazo kila moja imenukuliwa na wenzako angalau mara 20, h yako ni 20.

Sasa mchukue Profesa Egid Mubofu, aliyekuwa mkemia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Yeye na wenzake walitumia mafuta ya mnyonyo kutengenezea chembe ndogo mno za kadimiamu salfaidi. Mwaka 2016 akaandika peke yake makala ndefu kuhusu mafuta hayo, na jarida likaitoa bure kwa yeyote mwenye intaneti. Imenukuliwa mara mamia! Lakini kwenye h inahesabika kama moja tu.

Na mnyonyo wenyewe je? Hapa Dodoma unajiotea kando ya njia, ukame hauusumbui, mbuzi wanaupita tu. Mimi ningependa kujua ni wangapi kati ya hao walionukuu wamewahi kumfikiria mkulima wa Kongwa. Hilo h haliulizi. Tuulize sisi. Mnasemaje?