Nanga Juu ya Matumbawe

Nilifika Kilindoni mwaka 2003 nikiwa na fedha za kiinua mgongo na tamaa moja: kuvizunguka visiwa vya Mafia kwa boti ya matanga ya kukodi, nikiamua mwenyewe niende wapi. Tulichanga watu wanne, mimi nikatoa zaidi. Nahodha alikuwa kijana wa Dar es Salaam; rubani, mzee wa Jibondo.

Mzee yule hakukitazama kabisa chombo cha kupimia kina. Alikaa omoni akisoma rangi ya maji. Buluu nzito, pita. Kijani cheupe, mchanga. Hudhurungi, matumbawe, kaa mbali.

"Na jua likiwa usoni, mzee?"

"Jua likiwa usoni, mwanangu, hatuendi."

Siku mbili tulimsikiliza. Tulishuka Juani kuona magofu ya Kua, mji ulioangamizwa na Wasakalava wa Madagaska katika karne ya 19. Chole tukawaona popo wakubwa wakining'inia mitini mchana kutwa. Mengine tuyaache, tulikula pweza mpaka tukachoka.

Siku ya tatu tulikuwa na haraka. Bamvua ilikuwa ikikupwa kwa kasi, na wenzangu walitaka kuogelea kabla ya chakula. Mzee akashauri tusogee mbele, penye mchanga. Nahodha akanitazama mimi. Nikasema, "Tia hapa hapa."

Nilisikia mnyororo ukikwaruza. Nilipovaa miwani na kuzama, nikaona nanga imelala juu ya tumbawe pana kama meza, limevunjika vipande vitatu, ndani jeupe kama mfupa. Visamaki vilizunguka pale pale vilipozoea kujificha. Mwaka 1998 bahari ilipata joto, matumbawe mengi ya Mafia yakafa. Hilo lilikuwa hai mpaka asubuhi ile. Na eneo lenyewe ni hifadhi ya bahari tangu 1995. Kiingilio nilikilipa, stakabadhi ninayo hadi leo.

Nilipopanda nikamwambia, "Mzee, nimelivunja."

"Nimeona," akajibu.

Hakuongeza neno. Akamwelekeza nahodha aisogeze boti mpaka iwe juu ya nanga kwanza, ndipo ing'olewe wima, isiburute. Mnyororo tuliuvuta mimi na yeye. Chakula tulikila mbele kidogo, penye mchanga, na wenzangu wakauliza kwa nini siogelei.