Riwaya Niliyoisoma Bila Kalamu Mkononi

Kabla hujaingia katika maudhui, wahusika na mbinu za uandishi, nikusimulie kuhusu riwaya ambayo haimo katika orodha ya vitabu teule. Hutatahiniwa juu yake. Hata mimi niliisoma bila kalamu mkononi, jambo ambalo sisi walimu wa fasihi husahau kulifanya.

Riwaya yenyewe ni The Adventures of Amina al-Sirafi, ya Mmarekani Shannon Chakraborty, iliyochapishwa mwaka wa 2023. Imeandikwa kwa Kiingereza, lakini mandhari yake hayatupi mgongo: ni Bahari Hindi ya karne ya 12, wakati majahazi yalipotegemea pepo za kaskazi na kusi kubeba bidhaa baina ya Uarabuni, Bara Hindi na pwani ya Afrika Mashariki. Amina alikuwa nahodha wa maharamia. Sasa amestaafu, goti linamsumbua, na ana binti mdogo wa kulea. Ndipo bibi mmoja tajiri wa Aden anapomwahidi dinari milioni moja amtafute mjukuu wake, Dunya, anayedaiwa kutekwa na Mzungu aliyekuja kutafuta vitu vya kale vyenye nguvu za kichawi. Amina anairudia merikebu yake, Marawati, na kuwakusanya wenzake wa zamani. Mmoja wao anamfuata hadi Mogadishu, ambako ametulia na familia yake.

Sitakuficha: mwanzoni nilivutwa na uchawi. Mna viumbe wa ajabu baharini na kisiwani, na mume mmoja ambaye si binadamu. Taharuki ilinikesha. Nilijiambia nisome sura moja tu kisha nisahihishe madaftari. Madaftari yakalala yalivyo.

Hata hivyo, aliyenigusa zaidi ni Dalila, bingwa wa kutengeneza sumu. Yeye na Amina walisafiri pamoja zamani, kisha Amina akajitenga na maisha hayo kwa miaka mingi. Wanapokutana tena, utani wao una miiba. Kinyongo kipo, na upendo pia upo. Hawagombanii mwanamume wala uzuri. Kila mmoja anaijua kazi yake, na kila mmoja yuko tayari kuhatarisha maisha kwa ajili ya mwenzake hata kabla hawajamaliza kulaumiana.

Hapo nilifunga kitabu. Nilikuwa na rafiki wa aina hiyo. Tulikalia deski moja tangu Kidato cha Kwanza. Yeye alinifunza hesabu, nami nikamsaidia kuandika insha. Tulipokuwa Kidato cha Tatu babake alifariki, karo ikakosekana, akarudi nyumbani. Sikumwandikia barua hata moja. Nilijiambia sijui la kumwambia. Muhula ukaisha, mwaka ukaisha, kisha nikaona aibu kuanza. Nilipomwona Amina akisimama mbele ya Dalila baada ya miaka yote hiyo, nilijua ni mimi ninayepaswa kuanza.

Nilitafuta nambari ya simu kwa jamaa zake. Alipopokea, nilijitambulisha, kukawa kimya. Kisha akasema, "Nilikuwa nikimwuliza kila mtu aliyekuja likizo kama umenitumia barua." Nililia. Naye akaniuliza kama bado nashindwa na hesabu.

Hatujawa kama zamani. Tunapigiana simu, wakati mwingine tunakosa la kusema. Ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Nasi chombo chetu ndiyo kwanza tunakiziba nyufa.

Kwa nini nikueleze haya katika mwongozo wa mtihani? Kwa sababu riwaya teule unayoisoma inaweza kuwa na miujiza, mizuka au ndoto, na utashawishika kuandika "mwandishi ametumia uhalisiajabu" kisha uendelee. Usiishie hapo. Jiulize ajabu hiyo inawafichulia nini wahusika. Katika riwaya hii, uchawi unampa Amina maadui na nguvu asizokuwa nazo, ila haumrejeshei miaka aliyokosana na wenzake. Hiyo ameirejesha kwa kuomba msaada, kukubali lawama na kurudi kazini bega kwa bega nao. Jibu la namna hii hupata alama, lakini hulioni mpaka uwe umeifurahia hadithi kwanza.

Basi soma mara ya kwanza kwa raha. Kalamu ishike mara ya pili.

Maswali ya kutafakari

1. Chagua wahusika wawili wa kike katika riwaya yako teule. Ni nini kinachoujenga au kuubomoa uhusiano wao?
2. Taja tukio moja la ajabu katika riwaya hiyo. Lingeondolewa, tungekosa kujua nini kuhusu mhusika?