Neno Moja la Bio Yangu

Wasee, nasoma Kihispania kwa simu na nimekwama kwa neno moja. Nilitaka kuandika kwa bio yangu kwamba mimi sikati tamaa. Kumbe Kihispania kina maneno kibao ya hiyo kitu, na kila moja lina yake.

Persistencia niliiacha haraka. Hata maumivu yasiyoisha huwa nayo. Terquedad ni ukaidi, na hiyo ndiyo mathe angenichagulia siku niliacha chuo. Determinación ni kuamua na kusimama na uamuzi wako. Iko sawa, lakini mimi niliamua asubuhi, na jioni nilikuwa nalia.

Empeño karibu inibebe. Ni bidii ya kujitolea, lakini pia ni kuweka kitu rehani. Casa de empeño ni pale unaacha saa yako ndio upewe pesa. Nikakumbuka karo ya miaka miwili, nikanyamaza.

Halafu nikapata constancia: kufanya kitu kila siku bila kulegea, hata kama ni kidogo. Sasa skia hii. Huko Mexico, constancia pia ni karatasi. Constancia de estudios ni barua ya shule ya kuthibitisha kwamba wewe ni mwanafunzi wao.

Hiyo ya karatasi sina, na mathe bado huniuliza. Hii ingine natafuta, video moja kila siku, hata ikitazamwa na watu 12.

Nimeiweka kwa bio. Wewe ungechagua gani?