Wodi Nzima Inapumua Mara Ishirini

Nilijiunga na chuo cha uuguzi nikiwa na kinyongo. Kidato cha sita nilisoma PCB, yaani fizikia, kemia na biolojia, na mtaani walikwisha kuniita dokta hata kabla ya mtihani. Matokeo yakatoka, alama hazikufika. Mwenye ada alikuwa mjomba, na mjomba hana maneno mengi: "Kasome unesi kwanza, utajiendeleza mbele ya safari." Nikafunga godoro, ndoo na viatu vyeusi visivyo na kisigino, nikapanda basi huku nimejiapiza kwamba hapo chuoni napita tu.

Stashahada ya uuguzi na ukunga ni miaka mitatu, na wiki za mwanzo zilinichosha roho. Wavulana tulikuwa wachache, wote tunaota sindano na mishono, tukaanzishiwa kutandika kitanda. Pembe za shuka zikunjwe sawasawa, mdomo wa foronya usitazame mlangoni, magurudumu yote yaelekee upande mmoja. Ukikosea, mwalimu anavuta shuka, unaanza upya. Sindano tulipozifikia tulichoma machungwa, kisha tukahamia kwa mwanasesere wa mpira ambaye paja lake lilikuwa limetobolewa na madarasa yaliyotutangulia hadi likawa kama chekecheo. Anatomia niliipenda. Dawa nilizikariri usiku kwa tochi. Somo la maadili nililipita nikisinzia, na nadhani hata mwalimu wake alikuwa anasinzia.

Mazoezi ya wodini nilianzia kwa wanaume. Kazi ya mwanafunzi asubuhi ni kuchukua vipimo: joto, mapigo ya moyo, presha, upumuaji. Nikafungua faili la kitanda cha kwanza, upumuaji 20 kwa dakika. La pili, 20. Mzee wa pumu aliyeketi ameshika ukingo wa kitanda, mabega yanapanda na kushuka, naye 20. Kijana aliyevunjika mguu, amelala fofofo, 20. Wodi nzima ilikuwa inapumua mara ishirini, asubuhi, jioni na usiku.

Asiyeijua kazi hii atasema ni uvivu. Uvivu upo, sikatai, lakini sababu kubwa ni nyingine. Joto lina kipimajoto, presha ina mashine. Upumuaji unataka macho yako na dakika nzima umesimama hapo, na dakika ndicho kitu ambacho wodi haina. Mtu mzima mwenye afya hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika, kwa hiyo 20 ni namba isiyomgombanisha nesi na daktari. Inaandikwa, kazi inaendelea.

Kilichonigeuza nilikikuta wodi ya watoto, katika hospitali moja ya wilaya mkoani Pwani, masika yamekolea. Mvua zikishanyesha malaria hupanda, na kitanda kimoja hulaza watoto wawili, saa nyingine watatu, mama zao wamejibana miguuni. Inchaji wa wodi alikuwa mama wa makamo, mfupi, saa yake ameibana kifuani kwa pini. Siku ya kwanza alitupanga mbele ya meza.

"Nani ana saa yenye mshale wa sekunde?"

Tukatazamana. Simu zilikuwa marufuku wodini. Saa alikuwa nayo mmoja wetu tu, nayo imesimama.

"Basi leo sipokei namba ya mtu. Mtasimama na mimi."

Nikasimama naye kwenye kitanda cha mtoto wa miezi minane hivi. Akamwambia mama yake, "Mwanangu, mfunulie shati, taratibu, usimwamshe." Hakumgusa mtoto. Aliinama hadi macho yake yakawa usawa wa lile tumbo dogo, akanionyesha kwa kidole: likipanda na kushuka, ni moja. Dakika nzima. Huwezi kuhesabu nusu dakika ukazidisha kwa mbili, maana mtoto mchanga hana mwendo mmoja. Huharakisha, hutulia, huharakisha tena. Katikati mtoto akalia. Inchaji akaacha hesabu, akasubiri anyonye, atulie, akaanza tena moja. Mimi nilishaudhika. Nyuma yetu dripu mbili zilikuwa zimekwisha na mama mmoja anatuita.

Tukapata 64. Mtoto wa miezi 2 hadi 12 akifika 50, huyo anapumua haraka. Wa mwaka mmoja hadi mitano, 40. Aliye chini ya miezi 2, 60. Namba hizi nilizijibu vizuri sana kwenye mtihani. Inchaji hakuishia hapo. "Tazama chini ya mbavu," akasema. Kila mtoto alipovuta pumzi, sehemu ya chini ya kifua ilibonyea ndani. Kwenye faili alikuwa na malaria peke yake. Kipimo cha haraka kilisema malaria, na malaria kweli ilikuwepo, nimonia imejificha nyuma yake. Daktari akaitwa, oksijeni ikawekwa, dawa ikaongezwa. Mimi niliyetamani sindano sikuwa nimeshika hata pamba.

Najua ushuhuda hutaka siku na saa ambayo mtu aligeuka. Wangu hauna. Siku ile nilirudi bwenini nikilalamika miguu. Nilichofanya ni kununua saa ya bei rahisi sokoni, yenye mshale mwekundu wa sekunde, na nikaanza kuhesabu, mwanzoni kwa kumwogopa yule mama, baadaye kwa sababu niliona vitu. Niliona kwamba mtoto anayekaribia kuzidiwa huacha kuhangaika kabla ya kitu kingine chochote, na wodi yenye kelele humshukuru kwa kunyamaza. Niliona kwamba mama akisema "leo simwelewi", hata kama vipimo vyote ni vizuri, ni heri urudi baada ya nusu saa.

Nikiwa nimeshaajiriwa, usiku mmoja akaja bibi na mjukuu, nguo zao zinanuka moshi. Pwani, kwa wazee wengi, degedege si maradhi ya hospitali. Mtoto akikakamaa na kugeuza macho hufukizwa, mara nyingi kwa kinyesi cha tembo, na sharti moja huzingatiwa: asichomwe sindano, akichomwa atakufa. Chuoni tuliliandika hilo chini ya kichwa kilichosema imani potofu.

Bibi alimkumbatia mjukuu asiyefumbua macho. "Dokta, wa kwanza mlimchoma, hakumaliza saa."

Nilikuwa nimekaa wodini vya kutosha kujua kwamba anachokisema alikiona. Mtoto huletwa siku ya tatu, malaria imeshapanda kichwani, sukari imeshuka, anachomwa, anafariki. Aliyesimama pembeni ameona sindano, kisha ameona kifo. Siku mbili za nyuma, alipokuwa anafukizwa, hakuna aliyezihesabu. Kubishana naye usiku ule kungenipotezea mtoto. Nikamwambia, "Bibi, kaa hapa, tumtazame sote wawili." Nikampima mtoto sukari kwa tone la damu, bibi akaliruhusu hilo, ilikuwa chini mno. Nikaweka kijiko cha sukari iliyoloweshwa kwa maji chini ya ulimi wa mtoto, nikarudia baada ya dakika ishirini. Akaanza kutikisa mkono, halafu akafumbua macho, akalia. Bibi mwenyewe ndiye aliyeniambia, "Haya, mchome." Kanula ikaingia, dawa ikafuata.

Dawa yenyewe ina habari yake. Nilipokuwa mwanafunzi, malaria kali bado tuliitibu kwa kwinini: dripu ya saa nne, kila baada ya saa nane, matone yanahesabiwa kwa macho. Kwinini nayo hushusha sukari, na malaria kali hushusha sukari, kwa hiyo mtoto alizama kutoka pande mbili na nesi ndiye mlinzi. Mwaka 2010 yakatoka matokeo ya utafiti uliofanyika katika nchi 9 za Afrika, Tanzania ikiwemo, kwa watoto 5,425: waliotibiwa kwa kwinini walifariki asilimia 10.9, waliochomwa atesuneti asilimia 8.5. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likapendekeza atesuneti kwa watoto. Ilipofika wodini kwetu, kazi ya saa nne ikawa ya dakika chache: sindano ya kwanza, ya pili baada ya saa 12, ya tatu baada ya saa 24. Nilidhani muda uliookolewa utakwenda kwa watoto. Sehemu kubwa ilikwenda kwenye kujaza fomu na rejesta, na hapo sina la kumsifia mtu.

Bibi aliniita dokta, kama wanavyoniita karibu wote. Nesi wa kiume Tanzania huitwa dokta, na daktari wa kike anayepita na mimi huitwa sista, akaagizwa alete beseni. Zamani niliitika kwa raha. Siku hizi nasema mimi ni muuguzi, kisha naendelea na kazi. Wengine hucheka wakidhani najishusha. Mjomba naye alisubiri nijiendeleze. Nilijiendeleza, nikasoma shahada, ya uuguzi. Alikaa kimya kwenye simu, halafu akauliza kama mshahara umepanda. Umepanda, nikamwambia, kidogo.

Kila tarehe 12 Mei, Siku ya Wauguzi, tunawasha mishumaa na kula kiapo kwa kumkumbuka Florence Nightingale, mwanamke wa taa. Mwanamke huyo alikuwa mtu wa hesabu. Baada ya Vita vya Crimea, vya 1853 hadi 1856, alichora takwimu za vifo vya askari zilizoonyesha kwamba maradhi yaliua wengi kuliko majeraha, na ni hizo zilizowatikisa wakubwa wa Uingereza. Ningependa siku moja sherehe zetu zitoe saa yenye mshale wa sekunde kwa kila mhitimu. Mshumaa huzimika hata kabla ya hotuba ya mgeni rasmi kwisha.

Nayo hesabu ina ubaya wake. Dakika moja kwa mtoto, wodi ina watoto arobaini, nesi wa usiku ni mmoja: hizo ni dakika arobaini za kupumua tu, bila dawa, bila damu, bila kumpokea mgonjwa mpya anayeingia mlangoni akitetemeka. Hapo ndipo 20 inapozaliwa, na simlaumu tena anayeiandika. Uhaba huu wa wauguzi dawa yake ni ajira, na wahitimu wapo, wengine wanajitolea bila mshahara huku wakisubiri tangazo.

Nikiingia zamu ya usiku huwagawa watoto. Walio hatarini nahesabu mwenyewe, vitanda vyao nimevisogeza karibu na meza. Kwa waliobaki nawafundisha mama zao, kabla taa hazijapunguzwa, mambo matatu: kifua kinachobonyea, mtoto anayekataa ziwa, mtoto anayeshindwa kuamka. Wenzangu wengine hawapendi, wanasema nawapa wagonjwa kazi yetu, na mama hao wataniita usiku kucha kwa visivyo na maana. Wananiita kweli. Majuzi mama mmoja wa kitanda cha dirishani aliniita mara mbili katika zamu moja, mwanawe anawekewa damu. Mara ya kwanza mtoto alikuwa anaota. Mara ya pili alikuwa ameanza kutoka vipele kifuani na kutetemeka; damu ilikuwa imemkataa. Nikaifunga palepale, nikabadilisha mpira, nikamwita daktari. Asubuhi, kwenye ripoti ya kupokezana zamu, sehemu ya nani aligundua tatizo, niliandika jina la mama huyo.