Nilimwambia Amwache Mumewe Nyumbani

Leo nina jambo la kuungama. Mwaka 2021 mdogo wangu, ambaye ni muuguzi kama mimi, alinijia jikoni na bahasha ya karatasi. Alitaka kuhamia Australia. Mimi nina diploma, na nilikwisha kuridhika na zahanati yangu na kazi za kanisani. Yeye alikuwa na digrii na umri wa miaka 41, na kule mtu wa ujuzi asipoalikwa kabla ya kutimiza miaka 45, mlango humfungia. Nikamwambia, "Nenda peke yako. Mwache mumeo na watoto hapa, nitawatunza. Ukishatulia utawaita."

Nilidhani ninampa shauri la dada mkubwa. Nilikuwa nimekosea.

Jioni hiyo tuliketi mezani, yeye, shemeji na mimi, tukapiga hesabu. Serikali ya Australia humpa mwombaji alama, na asipofikisha 65 haalikwi. Umri wake ulimpa 15, digrii 15, Kiingereza 10, na kazi ya zaidi ya miaka 8 ikampa 15. Jumla 55. Tulinyamaza. Ndipo shemeji, niliyekuwa nimemweka kando kama mzigo, akauliza kwa upole, "Dada, na mimi nikifaulu mtihani wa Kiingereza?" Tukatazama karatasi. Mume anayeomba pamoja na mkewe na kujua Kiingereza cha kutosha humwongezea alama 5. Niliona haya.

Zilibaki 5. Hapo ndipo udhamini wa jimbo ulipomsaidia. Miji mikubwa kama Sydney, Melbourne na Brisbane imejaa watu, lakini sehemu nyingine za nchi hiyo zinahitaji wauguzi, walimu na mafundi. Kwa hiyo tangu Novemba 2019 ipo viza ya miaka 5, namba 491. Serikali ya jimbo, au ndugu wa karibu anayeishi katika sehemu hizo, humdhamini mwombaji, naye huongezewa alama 15. Mdogo wangu akafika 75, akadhaminiwa na jimbo la South Australia.

Lakini udhamini huo una sharti. Mwenye viza hiyo na jamaa yake wote wanapaswa kuishi, kufanya kazi na kusoma nje ya ile miji mikubwa mitatu. Baada ya miaka 3, wakiwa wametimiza sharti na wana hati za kodi za miaka mitatu, wanaruhusiwa kuomba ukaaji wa kudumu kwa viza namba 191.

Waliondoka wote wanne mwaka 2022. Wakapata nyumba katika mji mdogo wa eneo la Riverland, kando ya mto Murray, penye mashamba ya machungwa na mizabibu. Mdogo wangu aliajiriwa katika makao ya wazee. Shemeji, aliyekuwa mhasibu huku nyumbani, akapanga machungwa katika makasha. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini jembe hilo lilimwumiza mikono na moyo. Mwaka wa pili alianza kunyamaza mezani. Rafiki zao wa Melbourne wakawaita: huku kuna kazi, kuna ndugu, kuna ibada ya Kiswahili.

Usiku mmoja mdogo wangu alinipigia simu akilia. "Dada, anataka tuhame. Tukihama tumevunja sharti. Tukikaa, namwona anakwisha."

Safari hii sikutoa shauri la haraka. Nilimwuliza, "Umewahi kumwambia mumeo kwamba alama zake 5 ziliwavusha?" Alinyamaza. Hakuwahi. Kila mtu, mimi wa kwanza, alikuwa akimwita yeye ndiye aliyeipeleka jamaa Australia.

Alimwambia usiku ule ule. Sitasema kwamba yote yalinyooka asubuhi. Lakini shemeji alianza masomo ya jioni, na mwaka uliofuata akapata kazi ya kutunza vitabu vya hesabu katika ghala lile lile la machungwa. Agosti 2025 waliomba ukaaji wa kudumu, jina lake likiwa karibu na la mkewe. Ninapoandika haya bado wanangoja jibu, nasi tunangoja pamoja nao.

Mama mwenzangu, ikiwa nyumbani kwako kunazungumzwa safari kama hii, kaeni wote wawili na kalamu. Hesabuni miaka, siyo mshahara tu. Ulizeni watoto watasoma wapi na mume atafanya kazi gani. Mtu akikutaka ulipe fedha ili mwajiri akudhamini, mkimbie. Tangu Desemba 2015 sheria ya Australia inakataza kuuza na kununua udhamini.

Na wewe dada mkubwa, kabla hujasema "mwache mumeo," pima ulimi wako. Mimi nilikuwa karibu kumpunguzia mdogo wangu alama 5 na mume mwema kwa neno moja la jikoni.